Gari dogo nyuma ya gari la kulala: breki zake ziko wapi?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja. Watu wanageuza Coaster, Rosa na Fuso kuwa magari ya kulala, kisha wanataka kufunga kigari nyuma ili wakifika hifadhi za Bwindi au Murchison wasizunguke na nyumba nzima. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mengine yote yanaliegemea.

Ndugu mafundi, nimegeuza Toyota Coaster kuwa gari la kulala: vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji la lita 200. Nataka kuvuta Suzuki ya gia za mkono, kilo kama 1,100. Mchomeleaji wa Katwe amenitengenezea fremu ya kuvutia yenye umbo la A, na anasema breki za Coaster zinatosha kwa sababu lilikuwa likibeba watu 29. Je, ni kweli? — Msomaji, Jinja

Si kweli. Breki za Coaster zilitengenezwa kusimamisha uzito uliopigwa kwenye kibati cha chasisi, yaani gari lenyewe likiwa limejaa. Hazikutengenezewa gari la pili linalosukuma kutoka nyuma bila kusaidia kusimama. Na usidhani nafasi ya wale watu 29 bado iko wazi. Mbao, vitanda, mitungi, betri za ziada na maji vimeshaichukua. Lita 200 za maji pekee ni kilo 200. Kabla ya kununua chochote, jaza maji na mafuta, pakia kila kitu, keti na wenzako ndani, kisha lipitishe kwenye mizani. Tumia namba hiyo, si ya kukisia.

Tuseme mizani imesoma tani 5. Ukiongeza Suzuki ya kilo 1,100 isiyo na breki, uzito umepanda kwa asilimia 22 ilhali nguvu ya kusimamisha ni ileile. Pale ambapo Coaster peke yake ingesimama kwa mita 50 kutoka kilomita 80 kwa saa, sasa itahitaji mita 61. Mita hizo 11 ni kamunye (matatu) mbili zilizofuatana na boda boda moja kati yake.

Hiyo ni tambarare. Kwenye mteremko wa asilimia 7, kigari hicho kinasukuma fremu kwa nguvu ya kilo 77 muda wote, hata kabla hujagusa pedali. Ukishuka mita 400 za wima, nishati ya kigari peke yake inayopaswa kugeuka joto ni takriban megajuli 4.3. Kukisimamisha kutoka kilomita 80 kwa saa ni megajuli 0.27 tu. Kwa hiyo mteremko mmoja mrefu ni sawa na kukisimamisha mara 16 mfululizo bila kupoza diski. Upepo na matairi hupunguza kiasi, gia ya chini hupunguza zaidi, lakini kinachobaki kikiangukia breki za Coaster peke yake, pedi hupoteza mshiko, mafuta ya breki huchemka na pedali huzama.

Kuna hatari ya tatu ambayo wengi hawaifikirii: kona. Ukifunga breki ukiwa umekata kona kwenye murram yenye utelezi, kigari kisicho na breki husukuma mkia wa Coaster kwa pembeni. Ekseli ya nyuma ikiteleza, gari hujikunja kwenye fremu na usukani hauwezi tena kulinyoosha. Kigari chenye breki zake hubaki kimenyooka nyuma, kinavuta badala ya kusukuma.

Nchini Uingereza gari linalovutwa kwa fremu ya A huhesabiwa kama tela, na tela lolote linalozidi kilo 750 lazima liwe na breki zinazofanya kazi. Sisi tunakushauri uchukue kilo 750 kuwa mpaka wako hata pale ambapo hakuna wa kukuuliza. Suzuki yako imeuvuka mbali.

Kuhusu fremu yenyewe: isichomelewe kwenye bampa wala kwenye bodi. Kwa Coaster, kishikio kifungwe kwenye mihimili ya chasisi kwa bolti zenye alama 8.8 au zaidi kichwani, na bamba la chuma upande wa pili. Fremu ikiwa imefungwa, ilale karibu sambamba na ardhi. Tofauti ya kimo kati ya ncha ya mbele na ya nyuma isizidi sentimita 10. Ikiinama sana, kila ukifunga breki kigari hujaribu kupanda juu au kuzama chini ya mkia wa Coaster, na bolti huchoka. Minyororo ya usalama ni miwili, kila mmoja uweze kulishika gari lote, nayo ipishane chini ya fremu ili fremu ikichomoka idakwe kabla haijachimba lami.

Njia zetu ni Kabale–Kisoro na ule mteremko wa Kichwamba. Kuna aina gani za breki za gari linalovutwa, na ipi inafaa milima hii? — Msimamizi wa magari ya watalii, Kabale

Dada, vifaa vingi vya aina hii vinatoka Marekani, ambako kuvuta gari dogo nyuma ya gari la kulala ni desturi ya kawaida. Barabara zao kuu zina miteremko iliyonyooka yenye nafasi. Zenu zina kona, lori linalopanda na mbuzi. Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si nguvu ya kifaa bali ni hili: kinajuaje kwamba dereva anafunga breki?

Aina inayopatikana kwa urahisi ni sanduku la kubebeka. Linakaa sakafuni mbele ya kiti cha dereva wa kigari, mkono wake unabana pedali ya breki, linakula umeme wa volti 12. Ndani yake kuna kihisi cha kupungua kwa kasi. Gari la mbele likipunguza mwendo, kihisi kinaona, mkono unasukuma pedali.

Tatizo lake liko milimani. Kihisi hicho hakiwezi kutofautisha gari linalopunguza mwendo kwenye tambarare na gari linaloshuka kwa mwendo uleule huku likishikwa na gia. Kwa kifaa, yote mawili ni kuinama kwa mbele. Ukikitega kiwe chepesi, kitafunga breki za kigari kuanzia Kanaba hadi chini, nawe hujagusa pedali. Magurudumu yatafika Kisoro yakinuka. Ukikitega kiwe kizito, hakitafanya kitu hadi ufunge breki kwa nguvu. Kwa hiyo chagueni sanduku au mfumo unaotaka ishara mbili kwa pamoja: taa ya breki ya gari la mbele imewaka, na kasi inapungua. Hapo unaweza kushuka kwa gia au kwa breki ya moshi bila kigari kuungua, na breki zake zinakuja pale tu mguu wako unapokuja. Ishara ya taa peke yake nayo haitoshi, kwani dereva mwenye tabia ya kuweka mguu juu ya pedali atazifunga breki za kigari bila kujua.

Aina ya pili ni ya msukumo: fremu ina sehemu inayoteleza, kigari kikisukuma sehemu hiyo inaingia ndani na kuvuta kebo inayokwenda kwenye pedali. Haina umeme, haina kompyuta, fundi yeyote anaielewa. Lakini kumbukeni zile kilo 77 za mteremko. Msukumo ni msukumo, uwe umetokana na breki au na mlima, kwa hiyo nayo hufunga breki kidogo kidogo muda wote wa kushuka. Kwa Kampala–Masaka ni nzuri. Kwa Kisoro tusingeichagua.

Ya tatu hufungwa kudumu: pampu ndogo ya vakyumu chini ya boneti, silinda inayovuta pedali kwa kebo, na waya wa taa ya breki kutoka gari la mbele, pamoja na kihisi cha kupungua kwa kasi. Kufunga kunachukua siku nzima ya fundi mzuri, lakini baada ya hapo hakuna cha kubeba wala cha kusahau, na kwa kuwa vakyumu ipo, breki hufunga kwa ulaini kama mtu aliyekaa ndani. Kwa kampuni inayosafiri kila wiki tungeanzia hapa.

Ya nne ni ya mabasi na malori yenye breki za upepo. Hewa ya ishara huchukuliwa kwenye mrija wa pedali, si moja kwa moja kwenye tangi, ili kigari kifunge kwa kiwango kilekile dereva anachokanyaga. Lazima pawe na vali ya kulinda presha. Bila hiyo, mpira ukipasuka kwenye kigari unapoteza upepo wa basi lote.

Wapo mafundi wanaopendekeza kuunganisha mrija wa mafuta ya breki wa gari la mbele na wa kigari. Kataeni kabisa. Masta silinda haina ujazo wa kusukuma mafuta ya magari mawili, na uvujaji mdogo kwenye kiungo unaua breki za yote mawili.

Nimenunua sanduku la breki lililotumika kutoka kwa wasafiri waliokuwa wakirudi kwao. Halikuja na kitabu. Nilitegeje? — Dereva, Entebbe

Anza na pedali, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakosea. Injini ya kigari ikiwa imezimwa, busta, ile sahani kubwa nyuma ya masta silinda, bado ina vakyumu ya kukanyaga mara mbili au tatu. Ukitega sanduku wakati pedali bado laini, litasukuma kwa nguvu ndogo mwanzoni, halafu vakyumu ikiisha pedali inakuwa ngumu na breki zinakuwa dhaifu kuliko ulivyopima. Kwa hiyo zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita hadi iwe ngumu, ndipo uanze.

Sogeza kiti nyuma, toa zulia, weka sanduku likiwa limelala sawa sakafuni. Mgongo wake uegemee kiti; hewa ikibaki kati yao, sanduku lenyewe litarudi nyuma badala ya pedali kwenda mbele. Sogeza kiti mbele hadi likazwe kidogo, kisha funga mdomo wa mkono kwenye pedali. Hakikisha mkono ukiwa umerudi, pedali imepanda hadi juu kabisa na taa za breki za kigari zimezimika. Pedali iliyobanwa hata milimita chache ni breki inayokokota njia nzima.

Ufunguo uwe mahali ambapo usukani haujifungi. Hapo ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga, haifanyi kazi, maana haina umeme wake, kwa hiyo magurudumu yakifungwa yatabaki yamefungwa na tairi litasuguliwa upande mmoja hadi liwe bapa. Ndiyo sababu nguvu huanza chini. Weka kiwango cha chini kabisa, nenda kwenye uwanja au barabara tupu, fika kilomita 40 kwa saa na ufunge breki ya kawaida huku mtu akitazama pembeni. Panda ngazi moja moja mpaka usikie fremu inavuta kidogo nyuma badala ya kukusukuma. Ukiona alama nyeusi za tairi la kigari, rudi ngazi moja au mbili. Kwenye murram yenye changarawe rudi nyingine, kwa sababu mshiko ni mdogo na mitetemo ya barabara yenye mawimbi humchanganya kihisi.

Baadaye ni swichi ya dharura. Ina pini yenye kamba ya waya. Pini ikichomoka, sanduku hukanyaga breki na kuzishikilia. Kamba hiyo ifungwe kwenye chasisi ya gari la mbele, kamwe isifungwe kwenye kishikio au fremu, kwani kishikio kikikatika kitaondoka pamoja na kamba na pini haitachomoka. Urefu wake utoshe kona kali kabisa bila kukaza, lakini usiburute chini. Jaribu kabla ya kila safari: chomoa pini, sikiliza pedali ikishuka, watu wawili wasukume kigari. Kikisogea, usiondoke.

Mwisho, weka taa ndogo kwenye dashibodi ya gari la mbele inayowaka pedali ya kigari inapokanyagwa. Chukua ishara yake kwenye swichi ndogo ya pekee uliyoifunga kwenye pedali, si kwenye waya wa taa za breki, la sivyo itawaka kila unapofunga breki za gari la mbele na haitakuambia chochote. Taa hiyo ikiwaka nawe hujagusa kitu, simama. Kwetu sisi kifaa bila taa hii ni nusu kifaa, kwa sababu kigari chepesi kinaweza kuburutwa breki zikiwa zimefunga na dereva wa gari kubwa asihisi tofauti.

Gari langu la kulala ni Fuso ya volti 24. Nikiunganisha taa za kigari zinaungua. Fundi alichukua volti 12 kwenye betri moja kati ya mbili, taa zikapona lakini betri zimekufa ndani ya miezi michache. — Arua

Taa za kigari zinaungua kwa sababu taa ya volti 12 ikipewa 24 hubeba karibu nguvu mara nne. Na betri zilikufa kwa sababu fundi alinyonya moja tu. Zikiwa zimeungwa kwa mfululizo, jenereta huzichaji kama betri moja ya volti 24. Ile inayonyonywa haijai kamwe, nyenzake inachajiwa kupita kiasi hadi maji yanakauka. Zinakufa zote mbili, kila moja kwa ugonjwa wake.

Njia safi ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme. Nunua nne zenye koili ya volti 24: taa za nyuma, breki, indiketa ya kushoto, indiketa ya kulia. Waya wa Fuso unaamsha koili tu. Mguso wa rilei unapitisha volti 12 za betri ya kigari chenyewe kupitia fyuzi ya ampea 10 hadi kwenye taa zake. Volti 24 za Fuso hazifiki kwenye taa za kigari, na indiketa zinapepesa kama kawaida. Kwenye plagi ya pini 7 fuata rangi zinazojulikana: njano indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyekundu breki, nyeusi taa ya nyuma kushoto, kahawia ya kulia, nyeupe hasi. Nyeupe iwe nene kuliko nyingine. Hasi dhaifu ndiyo sababu ya indiketa zinazofanya taa zote zipepese pamoja.

Sasa betri ya kigari inahudumia taa, sanduku la breki na chochote kinachoamshwa na ufunguo. Ikiisha njiani, breki za kigari zimeisha nayo, na swichi ya dharura pia. Kwa hiyo weka chaja ya kushusha volti 24 kuwa 12, iliyotengenezwa kuchaji betri, ya ampea 10 hadi 15, na fyuzi karibu na betri kila upande. Redio itoe fyuzi. Asubuhi pima betri ya kigari: chini ya volti 12.4 ikiwa imepumzika, chaji kwanza.

Tulishuka kutoka Kapchorwa tukivuta Suzuki yenye sanduku la breki. Chini magurudumu ya mbele yalitoa moshi. Nilipoliendesha lenyewe baadaye pedali ilikuwa laini kama sifongo. Tatizo ni sanduku? — Mbale

Inawezekana, lakini usilipeleke kuuzwa bado. Moshi wa mbele unaeleweka, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya breki hufanywa na magurudumu ya mbele. Pedali laini maana yake mafuta ya breki yalichemka na kuacha mvuke kwenye mirija. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Gari linalokaa muda mrefu bila kuendeshwa, kama vigari hivi vya kuvutwa, mara nyingi lina mafuta yaliyozeeka. Yamwageni yote, wekeni DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, toeni hewa kuanzia gurudumu la mbali na masta silinda. Rudieni kila miaka miwili.

Kisha tafuta kilichokokota. Inua gurudumu moja moja kwa jeki sanduku likiwa limefungwa na limepumzika. Likizunguka kwa uzito, legeza mdomo wa mkono kwenye pedali. Likiwa jepesi ghafla, sanduku lilikuwa limebana pedali. Likibaki zito, legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa. Likiachia, presha imenaswa kwenye mrija wa mpira uliovimba ndani. Lisipoachia bado, pini za kalipa zimekwama kwa kutu au pistoni hairudi. Angalieni handibreki pia. Inasahaulika kuliko tunavyopenda kukubali, ingawa kwa gari lenu, kwa kuwa inashika nyuma, moshi ungeonekana nyuma.

Magurudumu yote yakiwa mepesi, basi kosa ni lile la Kabale: kihisi kilikuwa chepesi na kilifunga breki mteremko wote. Punguza wepesi wake, na kama kinakubali waya wa taa ya breki, uunganishe. Pedi zikiwa chini ya milimita 3, au zimeng'aa kama kioo, badilisha. Diski iliyogeuka bluu ipimwe. Ikiwa imepinda utaisikia kwenye pedali. Na grisi ya beringi za mbele huyeyuka kwa joto la namna hiyo, kwa hiyo zisikilizeni wakati mnazungusha gurudumu.

Namna ya kushuka nayo ibadilike. Ingiza gia ya chini kabla ya ukingo wa mteremko, si baada ya kasi kupanda. Acha gari lifike, tuseme, kilomita 50 kwa saa, funga breki kwa nguvu hadi 40, achia kabisa. Breki fupi yenye nguvu hufuatwa na muda wa kupoa. Mguu uliolazwa kwenye pedali haupi diski nafasi hiyo, wala haumpi kihisi sababu ya kuachia. Simama sehemu salama katikati ya mteremko, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko la upande wa pili, hilo ndilo la kufungua.

Naweza kuvuta Toyota Wish ya otomatiki, magurudumu manne chini? — Masaka

Hapana. Pampu ya mafuta ya gia boksi ya otomatiki huzungushwa na injini. Injini ikizimwa, magurudumu yanazungusha vyuma vikavu ndani, na kilomita chache zinatosha kuiua, hata ukiweka gia huru. Wish, Premio au Vitz inayoendeshwa na magurudumu ya mbele ipandishe magurudumu hayo kwenye kitela cha magurudumu mawili chenye breki zake. Ikiwa ni ya magurudumu manne, lazima tela kamili.

Gia za mkono nazo si ruhusa ya moja kwa moja. Gari la gia za mkono linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, likiwa gia huru, shafti ya chini ndani ya gia boksi haizunguki, kwa hiyo hakuna kinachorusha oili hadi beringi za juu. Wa Jinja, soma na hili: Suzuki yenye transfa (gia boksi ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) ya wenzo iliyo na nafasi huru ndiyo salama zaidi, transfa iwe huru na gia boksi iwe ndani ya gia. Zile za kubadilisha kwa kitufe mara nyingi hazina nafasi hiyo. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Tunapovuka kwa feri ya Laropi, tukitaka kurudi nyuma fremu inajikunja. Kuna ujanja? — Moyo

Hakuna. Gari linalovutwa kwa magurudumu manne halirudi nyuma. Magurudumu yake ya mbele hugeuka yenyewe hadi mwisho na kuburutika, na mita mbili zinaweza kupinda fremu. Likateni kabla ya njia ya kupandia, kila gari lipande na dereva wake. Toeni sanduku la breki kabla ya mtu kukaa kwenye usukani, na mkiliunganisha ng'ambo anzeni upya: pedali mara sita, pini ya dharura, minyororo, taa.

Mimi sina gari la kulala, nina kabangali (pikapu) na tela la kubebea maziwa lenye breki za msukumo. Siku hizi linanigonga nyuma kila nikifunga breki. — Fort Portal

Kugonga ni ishara ya damper iliyokufa, ile silinda ndani ya kichwa cha tela inayopunguza mshtuko. Kata tela, vuta handibreki yake, sukuma kichwa ndani kwa mikono. Kinapaswa kuingia kwa ugumu na kutoka polepole. Kikiingia kirahisi au kikirudi kwa kuruka, damper ibadilishwe. Wakati kiko wazi, safisha vumbi lote la murram na upige grisi kwenye vichuchu vyake hadi ya zamani itoke.

Damper ikiwa nzima, breki zimelegea na kichwa kinaingia hadi mwisho kabla hazijashika. Hapa mpangilio una maana. Achia handibreki, inua magurudumu, anza na viatu vya breki kwenye dramu: kaza kirekebishi huku ukizungusha gurudumu kwa mwelekeo wa kwenda mbele tu, hadi lishike, kisha rudisha mpaka lizunguke kwa mkwaruzo mdogo. Fanya hivyo pande zote mbili. Ndipo uende kwenye fito na kebo, uondoe ulegevu bila kuzivuta. Mafundi wengi huanza kwa kukaza fito kwa sababu liko wazi na halihitaji jeki. Breki zinaonekana zimepona kwa wiki moja, lakini viatu vimebaki mbali na dramu, kebo moja inavuta kabla ya nyingine, na kila ukifunga breki tela huenda upande mmoja. Kwa mzigo wa maziwa unaochezacheza, kuyumba huko huanza kidogo na hukua haraka, kwa hiyo madebe yakaze mbele ya ekseli kidogo, na yawe yamejaa au matupu kabisa, si nusu.